Vichafuzi "vipya" au "ibukizi"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia, Ujiji, Kigoma. Ubaoni niliandika "Kutambua vichafuzi vipya vyenye florini katika bidhaa za viwandani". Mwenzangu wa Kiswahili akafuta "vipya" akaweka "ibukizi", kisha akafuta "kutambua" akaweka "kubaini". Alikuwa na haki?

JIBU: Mwalimu, kwa neno la kwanza mwenzako kapatia kabisa.

Wewe ni mtu wa ziwani, basi tuanzie majini. Mtoto akipiga mbizi pale Kibirizi, kichwa chake kikatokeza mbele ya mtumbwi, tunasema ameibuka. Hakuzaliwa pale, alikuwa chini muda wote, hatukumwona tu. Maana hiyo "mpya" haina. Chukua PFOA, kemikali yenye florini iliyotumika katika kutengeneza Teflon, ule utando wa vikaango visivyoshika chakula. Viwanda vilikuwa nayo tangu katikati ya karne iliyopita, lakini Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, uliiingiza katika orodha ya kemikali za kutokomezwa mwaka 2019. Ukiiita mpya, unawaficha wanafunzi miaka yote hiyo ambayo watu waliishi nayo bila kuambiwa. Hilo linaniuma kuliko kosa lolote la sarufi.

Neno "ibukizi" lenyewe halichukui kiambishi cha ngeli, kama "elekezi" katika "bei elekezi". Usiandike "viibukizi".

Ama kutambua, huko ni kukijua kitu kwa alama ulizokwisha kuzizoea. Mvuvi humtambua mgebuka hata gizani. Maabara yenye PFOA safi ya kulinganishia huitambua PFOA vivyo hivyo. Sasa mpe mkemia povu la kuzimia moto lenye molekuli asizozijua. Hana cha kulinganishia. Hupima uzito wa kila molekuli kwa usahihi mkubwa, akatafuta zinazopishana kwa karibu 50, ambao ni uzito wa atomu moja ya kaboni na mbili za florini. Zikijipanga hivyo kama ngazi, anajua ameshika ukoo mmoja, na hatua kwa hatua muundo wake unakuwa bayana. Huko ndiko kubaini, na neno "bayana" lina asili hiyohiyo.

Kwa hiyo kama somo lako ni la hizo zisizojulikana, yaache masahihisho yote mawili. Kama utawafundisha kupima PFOA pekee, rudisha "kutambua". "Vyenye florini" asiiguse mtu: "vichafuzi vya florini" ingeacha shaka kama florini imo ndani ya molekuli au ni kitu cha pembeni.