Muulize Mpiga Picha: Ndege Zangu za Jioni Zinatoka Nyeusi

SWALI: Shikamoo mama. Napenda sana kupiga picha ndege zikitua na kuruka. Mchana picha zangu zinatoka safi. Tatizo ni alfajiri na jioni, anga linapopendeza zaidi: ndege inatoka nyeusi tii, au imekuwa ukungu mtupu. Rafiki yangu anasema ninunue lenzi ya bei mbaya. Ninunue? Na kati ya asubuhi na jioni, wakati gani bora?
Mpenda Ndege

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela iache mfukoni kwanza. Unadai picha mbili kwa mpigo mmoja: anga lenye rangi zake zote, na ndege yenye maandishi yanayosomeka. Jua likiwa nyuma ya ndege, kamera haikupi vyote viwili. Chagua kimoja.

Ukichagua anga, basi weusi wa ndege ndio picha yenyewe. Pima mwanga wa anga pembeni mwa jua, upunguze kidogo, kisha ngoja ndege ikupe ubavu, mkia na magurudumu vionekane kila kimoja peke yake. Ikikujia uso kwa uso utapata bonge jeusi tu. Ila jua usilichungulie kwa lenzi ndefu kupitia kitundu cha kamera, hata likiwa chini. Jicho halina spea.

Ukichagua ndege, hama upande, jua likae mgongoni mwako. Angalia namba za njia ya kurukia: ni mwelekeo wa dira uliokatwa tarakimu ya mwisho. Ndege inayotumia 09 inaelekea mashariki, inayotumia 27 magharibi. Kwa kawaida ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo, kwa hiyo upepo ukivuma kutoka mashariki alfajiri, 09 itakuletea ndege zenye pua iliyojaa jua. Njia ya 18 na 36, ya kaskazini na kusini, ndiyo ninayoipenda kuliko zote: asubuhi simama mashariki yake, jioni hamia magharibi, ubavu mzima unang'aa.

Sasa huo ukungu. Ndege kubwa ya abiria inatua kwa takriban kilomita 250 kwa saa, yaani karibu mita 70 kila sekunde. Kwa kasi ya shata, yaani kipazia cha kamera, ya 1/500 ya sekunde inasogea sentimita 14. Kwa 1/60 inasogea zaidi ya mita moja. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, hata 6400, ubaki kwenye 1/500. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa hazinisumbui, picha iliyotikisika ndiyo inayonikera. Au kubali 1/60 na uifuate ndege kwa kiuno, si kwa mikono, ukipiga mfululizo. Nyingi utazifuta, ndivyo ilivyo. Ndege za pangaboi usizipige juu ya 1/250, panga litaganda na injini itaonekana kama imezimika angani.

Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua. Ukiiachia kamera ijiamulie, inaweza kukufutia ile rangi ya chungwa uliyoifuata. Fleshi izime: haifiki popote, na rubani hahitaji kumulikwa.

Asubuhi au jioni? Mimi ni mtu wa alfajiri, na wanaopenda kulala watanisamehe. Usiku lami imepoa, hewa juu yake imetulia. Jioni lami bado inatema joto la mchana, hewa inachezacheza, na lenzi ndefu inaunasa mchezo huo wote. Hapo hata lenzi ya rafiki yako haifui dafu.

Jioni ina lake pia, jua likishazama. Taa nyekundu iko bawa la kushoto, kijani la kulia. Ndege inayokujia utaiona nyekundu ikiwa mkono wako wa kulia. Tena ndege iliyo kilomita 10 juu bado inaliona jua wakati wewe umeshaingia gizani, ndiyo maana mstari wake mweupe unageuka waridi. Usizubae: karibu na ikweta mwanga huo hudumu dakika 20 na ushei tu.

Siku utakayonunua lenzi, tafuta yenye tundu pana la kuingizia mwanga kabla ya ndefu: namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ile ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya f/5.6.