Kabla mteja hajasema "ni kweli"

Wakili mpya anayeanza kazi hapa Mwanza hukutana mapema na ndugu waliotoka gereza la Butimba kumwona mfungwa, nao humweleza kwamba kijana wao alikiri kosa ili yaishe, na sasa wanataka rufaa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho wengi tulikizoea kwa namba 360, inamzuia aliyetiwa hatiani na mahakama ya chini kwa kukiri kwake mwenyewe asikate rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Hakuna karatasi anayotia saini kuiacha haki hiyo. Haki yenyewe huondoka na jibu lake kizimbani.

Nilipokuwa bado ninajifunza kazi, niliandika sababu saba za rufaa za kupinga ushahidi kwa niaba ya mvuvi aliyekamatwa na kokoro, yaani nyavu haramu, ilhali katika shauri hilo hakuna shahidi hata mmoja aliyesimama. Mkubwa wangu alizikata zote, akaniagiza nisome mwenendo, yaani kumbukumbu za mahakama, wa siku ya kwanza. Humo hakimu alikuwa ameandika, "Ni kweli nyavu zilikuwa mtumbwini," na baada ya maelezo ya kosa kusomwa, mshtakiwa akaongeza kwamba mtumbwi na nyavu ni vya tajiri wake, naye hakujua kilichofungwa ndani ya turubai. Huko si kukiri. Ni kujitetea, na hakimu alipaswa kuandika kwamba amekana.

Ndiyo maana shauri la Laurence Mpinga la 1983 halikosekani mezani kwangu. Linaruhusu kupinga hatia yenyewe ikiwa kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, ikiwa mshtakiwa alikiri kwa kukosea au kutoelewa, ikiwa hati ya mashtaka haikuonyesha kosa lolote kisheria, au ikiwa mambo aliyoyakubali hayawezi kumtia hatiani kwa kosa hilo. Kwa wazee wa visiwa vya Ziwa Victoria wanaofikiri kwa Kikerewe au Kijita, uliza kwanza mashtaka yalisomwa kwa lugha gani.

Katika makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019, mahakama humweleza mshtakiwa haki anazoziacha. Mweleze wewe kabla, kwa utulivu, mkiwa mahabusu.

Notisi ya rufaa, yaani taarifa ya nia ya kukata rufaa, hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Kwa hiyo nenda Butimba na notisi mkononi, hata kama mwenendo haujachapwa.