Mkojo kumtoka mama bila kutaka: maswali yenu

Nina miaka 63. Nikikohoa au nikiinua mzigo, mkojo unanitoka. Naambiwa ni uzee, nivumilie.

Usivumilie, mama. Umri unachangia, lakini tatizo hili lina tiba. Misuli inayobeba kibofu na kubana njia ya mkojo imelegea, mara nyingi kwa sababu ya kuzaa, uzito mkubwa na kukoma hedhi. Tiba ya kwanza ni kuifanyisha mazoezi misuli hiyohiyo.

Kaa au lala. Bana njia ya nyuma kana kwamba unazuia upepo, bana na ya mbele, kisha vuta yote kuelekea juu. Tumbo, makalio na mapaja yatulie, na uendelee kupumua. Shikilia sekunde 3 hadi 5, legeza kabisa kwa muda uleule, rudia mara 8 hadi 10. Fanya hivyo mara 3 kila siku, ukiongeza polepole hadi sekunde 10. Wengi huacha wiki za mwanzo kwa kutoona mabadiliko, ilhali misuli huhitaji kama miezi 3. Kosa linaloharibu kila kitu ni kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Ili kujipima, ingiza kidole kisafi ukeni: ukibana sawasawa, utahisi kinashikwa na kuvutwa juu. Usifanye zoezi hili katikati ya kukojoa, kwani mkojo unaweza kubaki kibofuni. Ukihisi kikohozi kinakuja, bana kwanza.

Mimi haja hunishika ghafla, sifiki chooni.

Hapo kibofu kinajikaza kabla ya kujaa. Mazoezi hayo yatakufaa, lakini pia kibofu kizoeshwe kusubiri. Kwa siku 3 andika kila unapokojoa. Kama unakwenda kila baada ya saa moja, ongeza dakika 15, na ukishazizoea ongeza nyingine, hadi ufike saa 3 au 4. Jipe angalau wiki 6. Haja ikikushika usikimbie: simama, bana upesi mara 5, iache ipungue, ndipo utembee. Punguza chai ya majani na kahawa.

Isipotosha, zipo dawa. Oksibutinini hukausha mdomo, hufunga choo, na inaweza kumchanganya akili mzee aliyedhoofu. Kama usahaulifu umeanza, daktari ajue kabla hajaiandika.

Nipunguze maji?

Hapana. Mkojo mzito hukera kibofu, na choo kigumu hukikandamiza. Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, isipokuwa kama umewekewa kipimo kwa ajili ya moyo au figo. Punguza tu saa chache kabla ya kulala.

Mama yangu ana miaka 78, ana presha na kisukari. Usiku anaamka mara nne, na ameshaanguka akiwahi choo.

Anza na dawa zake, zote, mpeleke nazo kliniki. Ya kukojoza ikinywewa usiku humwamsha, na kati ya dawa za presha, enalapril huweza kuleta kikohozi kinachosukuma mkojo, na doxazosin hulegeza njia ya mkojo. Asiache yoyote bila daktari. Apimwe sukari, kwani ikipanda mkojo huwa mwingi. Kama miguu huvimba, ailaze juu ya mto alasiri, maji hayo yatoke mchana. Na tangu leo usiku, wekeni taa njiani na poti karibu na kitanda. Kuvunjika nyonga katika umri huo ni hatari kuliko mkojo wenyewe.

Uke umekauka na unawasha, na mkojo unanibana. Krimu ya estrojeni, homoni ya kike, inafaa?

Mara nyingi ndiyo, baada ya kupimwa maambukizi ya mkojo. Hupakwa ukeni kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki. Ukiwa umewahi kuugua saratani ya matiti, au unatoka damu ukeni, sema kwanza.

Lini nisisubiri mazoezi?

Ukiona damu kwenye mkojo, ukipata homa na maumivu, mkojo ukitiririka mchana na usiku, au kitu kikijitokeza ukeni, nenda ukapimwe. Mkojo ukikataa kutoka kabisa, au ukihisi ganzi katikati ya mapaja, nenda hospitali siku hiyohiyo.