Usinunue kazie safi mlangoni pa parke

Mdogo wangu unayeuliza kama dola 150 zinatosha "kusafisha kazie", yaani rekodi ya hukumu zako za jinai, kabla ya kuomba kazi mgodini, na kama hukumu ya Lubumbashi itaonekana ukienda Kolwezi: usitoe hata franga moja. Huyo anayezitaka, mwenye begi la ngozi na mhuri mfukoni, wa aina yake ameniharibia maisha.

Nilihukumiwa kwa ugomvi wa baa, nikamaliza kifungo Kasapa, nikaishi vizuri. Kampuni ikataka kazie. Nje ya parke, ofisi ya waendesha mashtaka, nikakutana na bwana mmoja, nikamwita yaya, kaka mkubwa, kwa heshima, akaapa atalitoa jina langu kwenye kitabu. Siku mbili karatasi ikaja: mhuri wa bluu, sahihi, na kwenye hukumu pameandikwa hakuna. Nilipoikunja, kidole gumba kikabaki na bluu. Wino mbichi! Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza, maana nilitaka ile kazi.

Kampuni iliirudisha parke kuhakikisha. Namba yake ilikuwa ya mtu mwingine. Nikashtakiwa kwa kutumia hati bandia, na sheria yetu ya adhabu hapa Kongo-Kinshasa haimtofautishi anayetumia na aliyetengeneza: miezi 6 hadi miaka 5. Nikampigia yaya, simu imezimwa. Mwizi yule! Alikula pesa ya shule ya mtoto akijua ninakokwenda. Hukumu ya kwanza ilikuwa ya ngumi, bosi angeweza kunisikiliza. Hii ya pili ni ya udanganyifu. Nani atanikabidhi ghala?

Kazie haifutwi na karani, polisi wala binamu wa hakimu. Aliyehukumiwa anaomba rehabilitasio, yaani kurudishiwa heshima yake kisheria, na Mahakama ya Rufaa ndiyo inayoamua. Hata msamaha wa Rais, kifungu cha 87 cha Katiba, unaondoa, unabadili au unapunguza adhabu tu; hukumu inabaki pale pale. Amnestia, msamaha wa jumla, ndiyo inayofuta, lakini hiyo ni sheria ya Bunge, na ile ya 2014 ilihusu vita, uasi na makosa ya siasa. Ngumi za baa hazimo.

Karatasi ambayo hukuiomba mwenyewe dirishani, kwa jina lako, usiiguse. Nakala ya hukumu yako unayo? Risiti za faini na fidia je? Kama huna, kesho asubuhi nenda kwa makarani wa mahakama iliyokuhukumu. Atakayekufuata hadi nje akikuambia kuna njia fupi, mwache na begi lake.