Mkono uliozoea kazi nyingine

*Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu kazi za afya. Mara hii yamekuja maswali ya chanjo, mengi kutoka kwa watu ambao chanjo si kazi yao ya kila siku.*

Mimi ni mteknolojia wa maabara, Chamwino. Nimepangwa kwenye timu ya kampeni ya chanjo ya surua-rubela. Natoa damu kila siku, watu wazima na watoto. Kwa nini nikalishwe tena darasani kufundishwa kuchoma sindano?

Kwa sababu mkono wako umezoea, na umezoea kazi nyingine. Chukua sirinji ya chanjo, ile ya 0.5 ml inayojifunga yenyewe. Mtu wa maabara akitoa sirinji kwenye pakiti, kwanza huvuta na kusukuma kidogo ili kuilegeza. Ukiifanyia hivyo hii, umeiua: kisukumio kikishasukumwa hakivutiki tena. Vivyo hivyo ukianza kwa kusukuma hewa kichupani. Na kwa kuwa sirinji zinaletwa kwa hesabu ya dozi, ukiharibu tano asubuhi, jioni kuna watoto watano ambao chanjo yao ipo ila hakuna cha kuwachomea. Ingiza sindano kichupani, pindua kichupa, vuta mara moja hadi alama, basi.

La pili ni kuvuta nyuma kuona kama damu inakuja. Kwako damu ndiyo unayoitafuta. Kwenye chanjo haivutwi, maana sehemu zinazochomwa hazina mishipa mikubwa, na kule kuvuta kunamwongezea mtoto maumivu bure. Spiriti nayo iache: ngozi safi haiihitaji, na ikiwa na vumbi, jambo ambalo Chamwino halikosekani, osha kwa maji na sabuni. Wala usirudishie kifuniko cha sindano. Sindano ikitoka mkononi kwa mtoto inaingia moja kwa moja kwenye boksi la usalama, na boksi likifika robo tatu linafungwa. Wapo wanaojichoma kwa kulishindilia boksi lililojaa.

Kuchoma kwenyewe ni kwepesi: 0.5 ml chini ya ngozi, mkono wa kushoto juu, sindano imelala nyuzi 45. Kama timu yenu inatoa na BCG, chanjo ya kifua kikuu, mwachie mwenye uzoefu. Ile ni 0.05 ml ndani ya ngozi, lazima uone kiuvimbe kidogo kimeinuka. Ikizama chini ya ngozi, mama anaweza kurudi na mtoto mwenye jipu.

Mafunzo yenyewe yako kwenye kuchanganya. Surua-rubela ni unga, na una maji yake kutoka kwa mtengenezaji yuleyule. Maji hayo lazima yawe yamepozwa kama chanjo kabla ya kuchanganya. Yakiwa ya moto yanaua virusi vya chanjo, nawe utachanja siku nzima kwa maji matupu. Soma lebo ya kichupa cha maji kila mara, hata kama umefungua ishirini leo. Mwaka 2018 huko Samoa watoto wachanga wawili walifariki baada ya chanjo yao kuchanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake, na waliochanganya walikuwa wauguzi, si wageni wa sindano. Ndiyo maana dawa nyingine yoyote haikai kwenye jokofu la chanjo.

Ukishachanganya, andika saa kwenye kichupa. Kilichofunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kinatupwa saa tisa na nusu alasiri, yaani baada ya muda wa saa sita, hata kama kimebaki na dozi saba. Hakuna kihifadhi ndani yake, na bakteria hawasubiri kampeni iishe. Sudan Kusini mwaka 2017 watoto 15 walifariki katika kampeni ya surua ambako sirinji moja ilitumika siku nne na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Miongoni mwa waliokuwa wakichanja walikuwamo watoto wa miaka 12.

Nina duka la dawa mjini Dodoma. Nasikia Marekani wafamasia wanachanja watu dukani. Sisi tunakwama wapi?

Ni kweli. Kufikia 2009 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa yanawaruhusu wafamasia kuchanja, na Machi 2021, wakati wa UVIKO-19, waliongezwa hadi madaktari wa meno na wa mifugo. Lakini ilitangulia sheria na mafunzo. Kwako, leseni ya duka si kibali cha kuchanja. Ukitaka kusaidia, pitia kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, uwekwe kwenye timu kwa maandishi.

Utakuwa na faida, kwa sababu unajua kutunza dawa. Ila wafamasia wana kosa lao: wanaogopa joto tu. Chanjo ya penta (ya magonjwa matano), ya nimonia na ya HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) zikiganda zimekufa, na kile kimraba cha VVM, kinachobadilika rangi kwenye kichupa, hakikuambii, maana kinasoma joto, hakisomi kuganda. Asubuhi ya huduma ya mkoba, ya kuchanja nje ya kituo, watu hutoa pakiti za barafu kwenye friza zikiwa jiwe na kuzipanga kwenye kibebeo papo hapo, kwa kuwa safari ni ndefu na jua la Dodoma wanalijua. Ziache mezani kwanza hadi ukitikisa usikie maji yanacheza ndani.

Ukishuku kichupa kimeganda, chukua kingine cha aina na toleo lilelile, kigandishe makusudi, kiyeyuke, kisha tikisa vyote viwili na uviweke mezani. Cha mashaka kikituama haraka sawa na ulichokigandisha, kitupe.

Mwanangu, Kongwa, alichanjwa surua-rubela na daktari wa meno, tena pajani. Arudie?

Asirudie. Hata kama imeingia kwenye msuli, dozi inahesabika. Angalia tu kwenye kadi ya kliniki kama tarehe na namba ya toleo zimeandikwa. Hapo ndipo wageni wa kazi hii wanaposahau.

Mimi ni tabibu, Bahi. Tukichanja HPV shuleni wasichana wanaanguka wawili watatu mfululizo. Nitajuaje kama ni mzio?

Shika mkono usikie mapigo. Aliyezimia kwa woga ana mapigo ya polepole, amepauka, ana jasho la baridi, na ukimlaza na kuinua miguu anarudi baada ya dakika moja au mbili. Huanguka papo hapo, pengine hata kabla ya sindano. Mwenye mzio mkali ana mapigo ya haraka na hafifu, vipele vinavyowasha, midomo au macho yamevimba, anapumua kwa mlio au anatapika. Na kulala hakumsaidii.

Wengi wenu mnaletewa wasichana hawajanywa uji, wamesimama foleni juani wakimwangalia anayechomwa. Chanja ndani, mmoja mmoja, ameketi, foleni isimwone, kisha wakae kivulini dakika 15 wakiwa na mwalimu. HPV sasa ni dozi moja, miaka 9 hadi 14, kwa hiyo hakuna haraka ya kuwamaliza wote kabla ya kengele.

Ukiwa na shaka, choma adrenalini. Ampuli ya 1 mg kwa 1 ml, kiasi 0.01 ml kwa kila kilo, msuli wa paja upande wa nje: msichana wa kilo 30 anapata 0.3 ml, na hakuna anayezidi 0.5. Hajapata nafuu baada ya dakika tano, rudia, huku gari la kumpeleka hospitali likiwa limeshaitwa. Na angalia kisanduku cha dharura kabla hamjaondoka kituoni. Mara nyingi adrenalini imo, ila sirinji zilizobebwa ni za chanjo tu, zenye alama moja ya 0.5. Kwa hizo huwezi kupima 0.3. Weka mbili za 1 ml zenye mistari.