Balbu ya taa ya mbele haimalizi mwezi

SWALI: Fundi shikamoo, Probox yangu taa ya kushoto nishabadilisha balbu mara tatu tangu Januari, shida nini? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, pole sana. Ukiifunga unashika kioo kwa vidole? Balbu ya halojeni, hii ya taa ya mbele, haitaki kabisa kushikwa kioo, mafuta ya mkono yanafanya kioo kipate moto sana sehemu moja inakufa mapema, we shika kitako, na ukishagusa ifute kwa spiriti kabla hujawasha. Zingeungua zote mbili ningesema chaji imezidi, pima betri injini ikinguruma, ikipita volti 15 mwone fundi umeme acheki alteneta, ile inayochaji betri. Ila upande mmoja tu, angalia kama balbu inachezacheza maana mtikisiko unakata uzi wa ndani ya balbu, au maji yanaingia kwenye taa. Na za wati 100 achana nazo, zinayeyusha soketi.