Seti ya mtumba ya kuteleza kwenye theluji kwa dola 120: uichukue au uiache?

Mkuu, umesema umepata seti nzima ya mtumba kwa dola 120: ubao wa kuteleza (snowboard), baindingi (vishikizo vinavyofunga buti kwenye ubao), buti na helmeti. Muuzaji yuko Aurora, hapa Colorado, na wewe hujawahi kukanyaga mteremko hata siku moja. Jibu la haraka: ubao kaukague, baindingi zikague zaidi, buti usichukue bila kuzivaa, helmeti muachie mwenyewe. Sasa nikueleze kwa nini, maana hela yangu ilishaliwa.

Mimi mtu wa Moshi. Theluji nilikuwa naiona juu ya Kibo asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, na mitumba nimejifunza soko la Memorial nikimfuata mama. Nilipofika Colorado nikajiona fundi wa kuchambua. Majira yangu ya kwanza ya baridi nikaona ubao unang'aa, una baindingi zake, dola 60. Tukakutana na jamaa kwenye maegesho ya supamaketi, giza limeshaingia, nikampa hela nikaondoka. Baindingi hazikuwa na mikanda ya kufunga mguu. Nikadhani ndiyo za kisasa.

Kesho yake nikaupeleka duka la vifaa kutafuta buti. Mzee wa kwenye meza ya matengenezo akazigeuza mara mbili, akamwita mwenzake aje aone. Zilikuwa zile za kubofya za miaka ya 90, ambazo buti lazima liwe na chuma chake maalumu chini ya soli. Buti hizo hazitengenezwi tena, na hata ukizikuta kwenye gereji ya mtu, gundi imeshakauka, soli inabanduka siku ya kwanza. (Step On za kampuni ya Burton za siku hizi, nazo za kubofya, ni kitu kingine, usizichanganye.) Kwa hiyo hakikisha baindingi zina mikanda miwili kila mguu. Kunja ile mikanda ya plastiki yenye meno kwa vidole: ikiwa na nyufa nyeupe, ikipigwa na baridi itakatika. Hiyo siyo sababu ya kuacha mzigo, mikanda inauzwa peke yake kwa bei ndogo, ila ni sababu ya kushusha bei.

Nenda mchana na ubebe bisibisi ya nyota, nambari 3. Nambari 2 tuliyonayo wengi nyumbani inatafuna vichwa vya skrubu. Mwombe muuzaji ulegeze skrubu mbili tatu za baindingi na uzikaze tena. Zikizunguka tu bila kushika, uzi wa ndani ya ubao umeliwa, achana nao. Angalia pia matundu yenyewe. Mbao nyingi zina matundu ya mistari miwili, lakini Burton za zamani zina matundu matatu yenye umbo la pembetatu, na za sasa zina mfereji. Ukitaka kubadili baindingi baadaye lazima upate sahani (kile kipande cha katikati ya baindingi kinachopitisha skrubu) inayolingana na matundu.

Sasa geuza ubao chali kwenye mwanga. Mikwaruzo isikutishe, hiyo ni kama kola iliyopauka. Ukiona chini pamekuwa peupe kama ngozi isiyopakwa mafuta, ni nta tu imekauka, unapiga pasi nta mpya na maisha yanaendelea. Kutu nyepesi kwenye ukingo wa chuma inatoka kwa tupa. Cha kuogopa ni shimo linaloonyesha mbao za ndani, maana maji yakiingia ubao unaoza kimyakimya. Kingine ni ukingo wa chuma uliokatika au uliojitokeza nje. Halafu bana ncha zote mbili kwa kidole gumba na cha shahada, ukibonyeza kuzunguka. Pakifunguka kama soli ya kiatu kilicholowa, tabaka zimeachana. Rudisha, sema asante.

Urefu watu watakwambia ubao usimame kati ya kidevu na pua. Ni kipimo cha kuanzia tu, uzito wako una maana zaidi. Ingiza jina la ubao na mwaka wake mtandaoni utapata jedwali la kilo. Na ukiwa na mguu mkubwa, usichukue ubao mwembamba, vidole vitakuwa vinakwangua theluji kila ukigeuka. Kwa anayeanza tafuta ubao laini. Muuzaji akikusifia kuwa ni mgumu na una kasi ya ajabu, huyo anakuuzia maumivu.

Buti ndiyo mahali pa kuweka hela. Baada ya ile hasara nikanunua buti za mtumba kubwa kidogo, nikajisemea nitavaa soksi mbili. Pale Loveland, kituo cha kuteleza hapa Colorado, kwenye mteremko wa wanaoanza, kila nikiegemea vidole kisigino kinanyanyuka ndani ya buti, mimi nimeshageuka, ubao bado unafikiria. Nilianguka mpaka mtoto wa miaka kama sita akanisimamia pembeni kuniuliza kama niko sawa. Kiatu cha mtumba kimeshachukua umbo la mguu wa mwenzio, na sponji ikishalala hairudi. Pima mguu wako kwa sentimita, ndiyo namba ya mondo iliyoandikwa kwenye ulimi wa buti. Vaa na soksi moja nyembamba ya sufu. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisipande. Umesema za jamaa ni namba 11 na wewe unavaa 9. Hapo hakuna cha kujaribu.

Helmeti ya mtumba hata ya bure sichukui. Povu la ndani huminywa na pigo moja, na ufa hauonekani kwa nje. Nunua mpya, hata ya bei ya chini. Koti, suruali isiyopitisha maji, miwani, vikinga vya kifundo cha mkono, hivyo vyote chukua mtumba bila wasiwasi. Vikinga vya kifundo usivisahau, anayeanza huangukia mikono na kifundo cha mkono ndicho kinachoumia sana kwenye mchezo huu. Ndani usivae pamba, ikilowa umekwisha.

Ningekuwa wewe ningekodi siku mbili kwanza, halafu nisubiri Machi na Aprili maduka ya kukodisha yanapouza vifaa vyao vya msimu. Vimekwaruzwa, ila vimetunzwa na mafundi. Lakini kama ubao wa jamaa umekukaa moyoni, mwambie abaki na buti na helmeti, mpe 60 kwa ubao na baindingi. Akikataa anzia kuondoka taratibu, kama Memorial. Mimi ningefika mpaka 70.